Boksi la Pili

Inshirah Abdel-Mawgud, ambaye mtaani kwake, katika mji wa Mahalla huko Misri, anaitwa Mama Wagdi kwa jina la mwanawe aliyeko Kuwait, hakupenda kukaa na kitu cha mtu. Shuka ya jirani wa juu ikidondoka kutoka kwenye kamba na kuangukia roshani yake, aliacha mchuzi jikoni na kupanda nayo ngazi pale pale. Watu walimsifu kwa uaminifu. Kwa kweli ilikuwa hofu zaidi kuliko uaminifu, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Mumewe, Fathi, alikuwa mtunza ghala kwenye kiwanda cha nguo. Siku moja majora ya vitambaa yalikutwa hayapo, na funguo alikuwa nazo yeye. Polisi wakamweka ndani. Inshirah alimpelekea chakula kila siku mpaka mwizi mwenyewe alipopatikana, ndipo Fathi akafunguliwa mlango na kuambiwa aende zake, bila hata neno la pole. Aliyerudi nyumbani hakuwa Fathi yule. Akisikia viatu ngazini, aliacha kutafuna. Aliishi hivyo miaka michache, kisha akafa.

Basi majira ya baridi yaliyopita, sufuria ya presha ya Inshirah iliharibika mfuniko. Nabawiyya, jirani wa mlango wa pili, akamcheka.

"Shoga, bado unataka kuzunguka sokoni na magoti hayo? Lete simu. Siku hizi hata ndoo inakufuata mlangoni."

Nabawiyya akaagiza kwa simu kutoka duka moja kubwa la mjini. Siku tatu nne zikapita, akaja kijana wa kuleta mizigo, Bayoumi, anahema, kabeba boksi mbili zimepandana hadi kidevuni.

"Mbili?" Inshirah akauliza. "Mimi niliagiza sufuria tu."

"Zote zina jina lako, hajjat. Mimi nafuata jina." Chini kwenye barabara pikipiki yake ya matairi matatu ilikuwa inanguruma, na mwenye teksi nyuma yake anapiga honi. Bayoumi akazitua sebuleni, akamtakia heri, akashuka mbio.

Boksi dogo lilikuwa na sufuria. Boksi kubwa Inshirah alilifungua kwa kisu cha jikoni, polepole. Ndani, katika tabaka za karatasi, kulikuwa na vyombo vya kaure: sahani, mabakuli, birika, vyote vyeupe na ukingo wa dhahabu. Hakuhitaji kuambiwa. Vyombo kama hivyo mama hununulia binti anayeolewa, vikapangwa kabatini kwenye vioo ili wakwe wavione. Mahali fulani mjini palikuwa na mama anayevisubiri.

Akavirudisha ndani kimoja kimoja, akalifunga boksi kwa utepe, akalisukuma chini ya kitanda. Kisha akamwita Nabawiyya.

"Nifanye nini?"

"Ufanye nini? Riziki imekugongea mlango, wewe unaiomba kitambulisho! Duka lile lina mali kama mchanga. Nyamaza. Wakivitaka watavifuata."

"Na wakisema nimeiba?"

"Uliwafuata wewe? Si wamekuletea wenyewe? Kunywa chai, mwanamke."

Alikusudia kupiga simu dukani asubuhi. Asubuhi ilipofika akasema mchana, mchana ukafika akasema acha kwanza afue. Kila alipoishika simu alijisikia anaulizwa: ulikaa nacho tangu jana kwa nini? Siku ya tatu simu ikalia yenyewe.

"Tunapiga kutoka dukani," ilisema sauti ya mwanamume, kavu. "Kuna mzigo wetu umepotea. Wewe ulipokea boksi ngapi?"

Sauti ile ilikuwa kama ya polisi waliomfuata Fathi. Ulimi wake ukamtangulia.

"Moja."

"Una hakika?"

"Moja tu. Sufuria."

Simu ikakatwa. Inshirah akabaki ameishika sikioni. Alikuwa hajasema uongo wa namna ile tangu utoto, na sasa haukuweza kurudi mdomoni.

Kesho yake alikuwa anachambua mchele aliposikia jina lake linaitwa kutoka barabarani. Akachungulia kwenye mpasuo wa dirisha la mbao. Bayoumi alikuwa amesimama chini, bila pikipiki, kofia mkononi.

"Mama Wagdi! Ni mimi, Bayoumi, niliyekuletea mizigo!"

Akafungua dirisha nusu. "Ndiyo, mwanangu."

"Dukani wanasema boksi la vyombo nimelila mimi. Nimewaambia nilikuletea mbili, wanasema wewe umesema moja. Nakuomba uangalie tena. Labda umesahau. Watu husahau, si aibu."

Alikuwa amempa mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa wazi kabisa. Angesema tu: ngoja nitazame. Lakini wanawake walikuwa wamekwisha toka kwenye roshani zao, na mwenye duka la maharage ameacha mwiko hewani, wote wanamtazama yeye.

"Sina kitu chako," akasema.

Bayoumi akakung'uta kofia yake gotini. Hakutukana. "Basi. Mungu akupe afya, mama," akasema, akavaa kofia, akaondoka.

Afadhali angetukana. Tangu saa ile chakula hakikumshuka. Alilala upande wa ukuta, mbali na ukingo wa kitanda, kama kwamba kilichokuwa chini yake kingeweza kumshika mguu. Mlango ukigongwa alikaa kimya hadi mgongaji achoke. Siku moja aligundua kuwa viatu vimesikika ngazini na yeye ameacha kutafuna.

Siku ya sokoni Nabawiyya aliingia na mboga zake, hakuketi.

"Yule kijana wa mizigo wamempeleka kituoni. Mkewe nimemwona nje pale, na mtoto mgongoni, analia."

Inshirah akashika meza. "Wewe ndiye uliyeniambia ninyamaze!"

"Nilisema nyamaza, sikusema kana! Kukana umekana mwenyewe, na dirishani, mtaa mzima unasikia!" Kisha Nabawiyya akapunguza sauti. "Utafanyaje sasa?"

Inshirah alivaa baibui lake jeusi, Nabawiyya akamfungia mtandio. Wakalivuta boksi kutoka chini ya kitanda, wakalishusha ngazi kwa kupokezana, wakaita bajaji. Nabawiyya alitaka kupanda, akamkataza. "Nikirudi, nipikie. Nisiporudi, mpigie Wagdi." Njia nzima alilikumbatia boksi mapajani, na kila shimo la barabara sahani zililia ndani yake.

Mbele ya kituo alimwona mke wa Bayoumi, msichana mwembamba. Akapita akiwa ameinamisha kichwa. Ndani, benchi lilikuwa lile lile alilokuwa akikalia na kikapu cha chakula cha Fathi. Miguu ikataka kugeuka. Akaendelea kwa sababu boksi lilikuwa zito, na mahali pa kulitua palikuwa mbele.

Ofisa alikuwa anakunywa chai. Pembeni alikaa msimamizi wa duka, bwana wa shati lililopigwa pasi.

"Bwana mkubwa," Inshirah akasema, "vyombo wanavyomdai yule kijana ninavyo mimi. Aliniletea. Nilisema uongo."

Ofisa akaweka glasi chini. "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuja hapa."

Msimamizi akainuka. "Mnasikia? Mwizi mwenyewe huyu! Afunguliwe kesi, amekaa na mali yetu akatudanganya kwenye simu!"

Ofisa akalizungusha boksi kwa kidole. "Hii karatasi yenye jina lake ameibandika nani? Kijana?"

"Inabandikwa dukani."

"Basi mmempelekea mama mzigo usio wake, kijana akafikisha mlikomtuma, kisha mkamleta kwangu kijana. Tutaanza kuandika kesi upande gani?"

Msimamizi akasema kulikuwa na wafanyakazi wapya. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba vyombo vikiwa kamili duka halina neno. Vikahesabiwa juu ya meza ya polisi. Mkono wa birika ulikuwa umepata ufa, pengine ndani ya bajaji. Msimamizi akautazama, akamtazama ofisa, akaacha.

Inshirah alipewa onyo mbele ya watu wote, kali, akalisikiliza amesimama. Kisha Bayoumi akaletwa, ndevu zimemwota, mkanda wa suruali mkononi. Inshirah akaanza, "Mwanangu, nisamehe," naye akamkatiza.

"Nilimwambia mke wangu, yule mama ana uso wa watu, atakumbuka tu. Nikamgombeza kwa kukulaani." Akapita mbele yake, akatoka.

Yule bibi arusi aliyenunuliwa vyombo alikwisha pelekwa kwa mumewe na vyombo vya kuazima vya shangazi yake. Bayoumi hakurudi dukani. Sasa anapeleka mikate ya tanuri moja upande wa reli.

Inshirah alikwenda kwao. Mara ya kwanza mkewe, Wisam, alifungua, akamwona, akafunga. Mara ya pili alimwacha aketi, lakini chai hakumpa, na katika nyumba za Mahalla hilo linatosha kumwambia mtu mahali pake.

"Ungekuwa mimi ungefanyaje, mama?" Wisam akauliza.

Inshirah akafikiri. "Ningekufukuza."

Kicheko kikamponyoka Wisam, kidogo, akakimeza. Mtoto akalia, akaenda kumchukua, wakakaa watatu bila mazungumzo mengi. Inshirah alipoona kimya kimetosha, akaaga. Alikuwa ameanza kushuka ngazi aliposikia sauti ya Wisam kutoka juu, bado kavu.

"Kipandio cha tano kimevunjika. Shika ukuta."

Akashika ukuta, akashuka.