Swali la Mama Yasini

Jina hasa la Mama Yasini ni Tabu, na ukitaka akukasirikie, muulize kama jina limemfuata. Alifika Nyarugusu miaka kumi na minane iliyopita akimfuata mume, na mume akiifuata dhahabu. Mume akahamia machimbo mengine, Tabu akabaki na banda lake la mabati. Mpaka leo wachimbaji humiminika kwake saa saba mchana, wekundu kwa vumbi, wakidai wali maharage kabla hata ya kunawa. Mimi nauza mitumba banda la pili. Kila shati ninalouza linanukia kitunguu chake, na wateja wameshazoea.

Ana roho nzuri, ila mdomo humtangulia. Mwaka jana alifungua banda asubuhi akakuta sufuria zake mbili kubwa hazipo. Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo wa pili alikuwa nao Violeth, mpishi mwenzake wa miaka sita, mama wa watoto wawili. Kwa Mama Yasini, kesi ikawa imekwisha. Mchana, banda limejaa, akamwita Violeth mwizi mbele ya watu wote, akamvua aproni na kumfukuza. Sisi tuliokuwapo tukatikisa vichwa, tukaendelea kula. Baada ya hapo nani angempa kazi ya jikoni? Akaenda kuponda mawe ya dhahabu na wanawake wa machimboni, nyundo mkononi, kutwa juani.

Miezi miwili baadaye sufuria zikaonekana Rwamgasa, kambini kwa wachimbaji, zikisongewa ugali na bwana mmoja aitwaye Marcel. Herufi alizozigonga Mama Yasini kwa msumari kwenye kitako zilikuwapo bado. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakamleta. Zamani angecharazwa viboko na habari ingeishia hapo. Lakini mwenyekiti wao, Mzee Mayala, ana msemo wake: kiboko hakipiki wali. Kwake mkosaji husimama katikati, na aliyekosewa humuuliza lolote. Adhabu haitajwi mpaka maswali yaishe.

"Mayu, uliza," alisema. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama kwa heshima.

Mama Yasini akakaza khanga kiunoni. "Ufunguo alikupa Violeth?"

Marcel akamtazama, kisha akatutazama sisi. "Violeth ndiye nani?"

"Usinichezee!"

"Ufunguo wa nini, mama? Bati lako la nyuma lina misumari miwili tu. Nililiinua, nikaingia, nikalirudisha."

Mimi niliangalia viatu vyangu.

Marcel akapangiwa kurudisha sufuria, kupigilia bati upya na kulichotea banda maji kwa miezi miwili. Akakubali haraka, maana alikuja akitarajia fimbo. Mzee Mayala akauliza kama kuna neno lingine, na watu walikwishaanza kuinuka. Mama Yasini akatoka kwenye kigoda cha mlalamikaji, akaenda kusimama pale pale alipokuwa amesimama Marcel.

"Lipo," alisema. "Mwiteni Violeth, aniulize mimi."

Violeth akaja na vumbi la mawe mpaka kwenye kope. "Shikamoo, Mama Yasini."

Marahaba ilichelewa kutoka.

"Mimi sina swali," Violeth alisema. "Ulinitangaza saa saba, watu wanakula. Unisafishe jina saa hiyo hiyo, pale pale."

Mzee Mayala akasema hajawahi kusikia hukumu fupi kama hiyo, na akaipitisha.

Kesho yake banda lilijaa kuliko siku ya sikukuu. Umbea hauhitaji tangazo. Mama Yasini akasimama kando ya jiko, akasema maneno yake huku akiyatazama maharage.

"Mama Yasini," Violeth alisema kutoka mlangoni, "huku nyuma hawasikii."

Mama Yasini akainua uso. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Violeth hakuniibia! Nilimsingizia. Mwenye kosa ni mimi."

Nilimhurumia, Mungu anajua. Nilidhani limekwisha. Lakini Violeth hakuondoka mlangoni. Alianza kututazama sisi tuliokuwa tumekaa, mmoja mmoja, bila haraka, benchi la kwanza, benchi la pili, mpaka macho yake yakanifikia mimi, jirani yake wa miaka sita, niliyeendelea kula siku ile.

Nikaweka kijiko chini, nikasimama.