Chumba cha Malori Manane

Ngazi zilikuwa za saruji, hazina taa, na mwanamke aliyenitangulia alikuwa akinieleza kwa nini lifti haifanyi kazi tangu mwaka juzi, huku amebeba begi langu zito kuliko yote. Nilikuwa nimeshuka garini nusu saa iliyopita katika mji nisikomjua mtu, mkononi nina anwani ya chumba cha kupanga na namba ya simu ya mwanamke huyo, mwenye chumba. Tulipofika ghorofa ya nne aliliweka begi chini, akanitazama nikihema.

"Sabini na mbili," alisema. "Na begi kumi na tisa."

Zilikuwa kilo, na hakukosea sana.

Majirani humwita Mama Mizani. Kwa miaka kumi na mmoja aliwapima mabondia uzito katika ukumbi wa mazoezi. Ukumbi ulipofungwa, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alimwita kwenye kampuni yake ndogo ya gemu za mtandaoni. Gemu yao kubwa ni moja: malori manane yanashuka mlima wenye kona kumi na nne, kila lori na dereva wake, kila dereva akiwa nyumbani kwake. Kompyuta ndiyo hupanga nani ashindane na nani, kwa kuhesabu mbio alizokimbia mtu na alizoshinda. Ikikosea, malalamiko huja kwa Mama Mizani, kwenye meza ya sebuleni, kati ya cherehani na feni.

Nilikaa nyuma ya kiti chake siku nzima ya kwanza. Mimi niliyezoea kujifanya najua mambo katika lugha tano, pale sikuelewa kitu. Mbio zilirudiwa kwenye kioo cha kompyuta bila sauti, naye hakujali nani kashinda. Alitazama kona ya tatu tu. Mgeni, alinieleza, hukanyaga breki akiwa tayari ndani ya kona. Mkongwe hukanyaga kabla hajaiona. Kwa kona hiyo moja aliweza kukuambia mtu ana miezi mingapi mlimani, na kama kawekwa na wenzake au kawekwa na watakaomla mbichi.

Ukutani, juu ya kioo, alikuwa amebandika karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe: Mkongwe hashushwi, kwa sababu yoyote. Nilimuuliza ilikotoka. Alisimamisha mbio kwenye kioo, akanieleza.

Miaka miwili nyuma dereva mmoja alimwandikia kwamba ameugua, mikono inatetemeka, anaomba ashushwe akakimbie na wageni. Alimwonea huruma, akamshusha. Kumbe alikuwa buheri wa afya. Wiki mbili aliwasukuma wageni korongoni mmoja mmoja, akiwaandikia vicheko. Wengi waliojiunga mwezi ule hawakuonekana tena. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Ndipo akaandika ile karatasi.

Sasa kulikuwa na barua nyingine. Aliyeiandika anajiita Fundi Bomba, na ndiyo kazi yake kweli, ya mabomba ya maji. Kwa miaka sita alikuwa miongoni mwa madereva arobaini bora. Kisha mashine ya kukatia mabomba ikamchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alikaa miezi minne bila kucheza, akarudi mlimani na akaunti yake ileile, na kompyuta, iliyomkumbuka alivyokuwa, ikampanga na mabingwa wenzake. Alikuwa amemaliza wa mwisho mara sabini na moja mfululizo. Jumamosi ingekuwa siku yake ya mwisho, aliandika, kisha angefuta akaunti. Mama Mizani alinisomea sentensi moja mara mbili: "Siombi kushinda. Naomba mtu wa kugombania naye nafasi ya saba."

Kwa siku mbili alitazama mbio zake, za kabla na za baada. Mwongo, aliniambia, huchelewa leo hapa, kesho pale. Huyu alichelewa palepale kila kona, kiasi kilekile: muda wa mkono wa kushoto kuvuka kwenda kubadili gia. Lakini breki zake zote zilikuwa za mkongwe. Na hapo ndipo kazi ilipokwama. Akiachwa juu, atakwisha. Akishushwa chini, ujuzi wake utawamaliza wageni hata bila kutaka.

Shemeji alikuja Ijumaa mchana, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa meza. Mama Mizani alimweleza alichokusudia: ameyapekua malalamiko ya mwaka mzima, akapata wengine saba wa namna ile. Mmoja macho yamefifia, mwingine karudi baada ya miaka mitano, mwingine anacheza kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umembeba mtoto. Vichwa vya wakongwe, mikono ya wageni. Alitaka chumba chao peke yao.

"Sheria uliiandika wewe, shemeji," alisema mwenye kampuni. "Mimi nilitia saini tu."

"Najua."

"Na akitokea mjanja mwingine?"

"Akitokea, kiti hiki mpe mtu mwingine. Mimi nitashona."

"Nguo zako nimeziona, shemeji. Bora ubaki hapa." Lakini hakucheka muda mrefu. Alimruhusu mbio moja tu, Jumamosi asubuhi. Hatatazama mshindi, alisema. Atatazama walioshika mkia. Wasipobonyeza kitufe cha kurudia, cha kukimbia tena na walewale, chumba kinafungwa, na Fundi Bomba aagwe kwa heshima.

Jumamosi tulikaa wawili mbele ya kioo, chai ikipoa. Malori yalishuka kama wazee wanaoijua njia lakini magoti yanawauma: wote walikanyaga breki mahali sahihi, wote wakachelewa baadaye, kila mmoja kwa kilema chake. Katika kona ya kumi na moja lori la bluu la Fundi Bomba lilikwaruzana na lori la yule aliyefifia macho. Likapitwa, likapita, likapitwa tena. Alimaliza wa saba.

Mama Mizani alishika ukingo wa meza. Kwenye kitufe cha kurudia liliwaka jina moja, na halikuwa la mshindi. Lilikuwa la Fundi Bomba. Nyuma yake yakafuata mengine, mpaka yakatimia manane, na chini ya majina Fundi Bomba akaandika: "Wa sita, usikimbie. Nakuja kung'oa bampa lako."

Simu ya Mama Mizani ikalia. Alisikiliza, akaitikia mara tatu, akaikata.

"Shemeji anataka niende ofisini na majina ya wote wanaofanana nao," aliniambia, akitafuta viatu. "Anasema chumba kimoja hakitatosha."

Aliibandua ile karatasi ukutani, akaikunja, akaitia mkobani aende akaiandike upya. Mlangoni aligeuka kunionya nisiguse kibodi. Nikabaki na malori manane yakishuka mlima mara ya pili, nikisikia visigino vyake ghorofa ya tatu, ya pili, kisha barabarani.