Ndagala za Harusi Yangu

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, na moyo unaruka hata sasa. Kalemie yetu ilikuwa ingali ikiitwa Albertville, katika miaka ya hamsini, nami zilibaki siku tatu niolewe. Mchumba wangu, Saidi, alikuwa njiani kutoka Moba kwa boti. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuanika ndagala za karamu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mpaka zikauke.

Honi ikalia bandarini. Nani angenishika? Nikazizoa ndagala zikiwa bado na maji, nikazishindilia kikapuni, nikafunika, nikakimbia. Kumbe ilikuwa boti ya mizigo kutoka Kabimba. Nikangoja mpaka alasiri, Saidi hakuja. Niliporudi, kikapu kilikuwa cha moto, kinanuka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Shangazi Mwamini, aliyenilea, alikuwa mkekani na tasbihi yake.

"Mama, ndagala zimeoza," nikalia. "Wageni watakula nini?"

"Zimeoza, ndiyo. Weye usioze. Ikala hapa," akasema, akinisogezea nafasi mkekani.

Akanifundisha kuvuta pumzi polepole, na kwa kila pumzi nitaje jina la Mungu moyoni. Mara ya kwanza sikufika kumi. Mara ya tano, ajabu, nikausikia moyo wangu ukitulia.

Kesho yake wavuvi wakatugawia ndagala nyingine. Nikaanika. Nikageuza, nikavuta pumzi, nikageuza tena. Siku ya pili yake honi ikalia. Loo, miguu iliwasha! Lakini mikono ikabaki kwenye samaki. Muda si muda wingu likatanda juu ya ziwa, nami nikawahi kuziingiza zote ndani, kavu kabisa. Mvua ikamwagika, na Saidi akaingia uani amelowa, anacheka.

"Nilizani utakuja bandarini."

"Nilikuwa nalinda chakula cha harusi yetu," nikamjibu, magamba mikononi. Furaha ile, mwanangu, sijapata kuisimulia ikaisha.

Basi nakuusia: kila asubuhi kaa kimya kidogo kabla hujashika kazi, uihesabu pumzi yako. Kisha uipeleke subira ile jikoni, shambani, kwenye foleni ya biro, ofisini kwa serikali. Subira haikatazi moyo kuruka. Huizuia mikono isiharibu. Mungu akupe kifua kipana, na kila unachokingoja kikukute umesimama vizuri. Amina.