Rungu ya Babu Ndani ya Kalamu

Juzi deputy wa shule yetu aliandika jina langu kwa orodha ya wapiga kelele. Kalamu yake ilikuwa ya vipande vya mbao vilivyounganishwa, nikakumbuka karakana ya Baba pale Kitengela.

Siku moja Baba alikuwa anachonga kalamu kama hiyo kwa mashine. Hakujua kipande kimoja nilikuwa nimekikata kwa msumeno kutoka kwa rungu ya Babu. Nilidhani gundi itaficha kila kitu. Lakini mashine ilipolia, harufu ya oloirien, mti wa rungu hiyo na wa kufukizia vibuyu vya maziwa, ikajaa mpaka mlangoni, alipokaa Babu.

Babu akanusa. “Hiyo ni rungu yangu.”

Baba akazima mashine.

“Babu, ilikuwa imezeeka,” nikasema.

“Hata mimi nimezeeka.” Akaangalia msumeno. “Mimi unanikata lini?”