Siku Mama Alipopata Mgeni

Juzi sokoni mwanamke mmoja alifungua kidumu cha asali mbele yangu, ile asali nyeusi ya porini inayonuka moshi kwa sababu warinaji huwafukuza nyuki kwa majani yanayowaka. Nilikuwa nimeinama nikichagua nyanya. Harufu iliponifikia nikasimama wima, nyanya mkononi, na yule mwanamke akadhani nataka kununua.

"Onja, mama," akaniambia.

Sikuonja. Nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye lupango yetu, ule ua wa zamani kule Kenya, nikiwa mtoto wa miaka minane, asubuhi ya baridi katikati ya likizo kubwa.

Nisemapo Kenya msidhani ni nchi. Ni komini, mtaa mmoja wa Lubumbashi, na nyumba zake zimebanana hata jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Kulikuwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, kwaya zilizoshindana kwa vipaza sauti, pikipiki zilizopita usiku na mchana. Ila ukiingia lango letu, ukaufunga ule mlango wa bati, ulikuta kimya. Nilikuwa mtoto wa pekee. Baba aliendesha lori la mgodi huko Kambove. Zamani alikuja kila Jumamosi, baadaye kila mwisho wa mwezi, baadaye akawa anakuja tu. Mama alikaanga mandazi na kuyauza langoni. Aliwasha redio tangu asubuhi, lakini sidhani kama aliisikiliza. Majirani walimwita Mama Natali, kwa jina langu, na nyuma yake walisema anajivuna kwa vile haongei. Kwao kulikuwa Mitwaba, kaskazini, safari ndefu ya barabara mbovu, na tangu aolewe hakuwa amerudi.

Asubuhi ile ya likizo alikuwa amekanda unga na kuufunika karibu na mbabula ili joto la makaa liufurishe. Mimi nilikuwa nimejifunga shuka, naota moto. Mwezi wa saba kwetu ni wa baridi na vumbi, na majivu ya nyasi zinazochomwa porini huanguka uani kama manyoya meusi. Ndipo ikaja sauti kutoka nje.

"Ngoie! Ngoie, we!"

Nilitaka kumwambia mama kwamba kuna mtu amekosea lango, maana sikuwahi kusikia mama akiitwa hivyo. Lakini mama alikuwa ameshasimama. Mwiko ulimdondoka, akakimbia bila viatu kwenye ardhi ile ya baridi.

"Numbi! Njo weye?"

"Njo miye! Nani mwingine anaweza kukutafuta mu hii vumbi yote?"

Walikumbatiana wakiyumba huku na huku kama watu wanaobeba kabati zito. Mama alitoa sauti nisiyoijua. Kwanza nilidhani analia, halafu nikadhani anacheka, mwishowe nikaacha kubahatisha.

Numbi alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa koti la kiume. Nywele zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi la njiani, na mkononi alishika kidumu cha asali. Alikuwa rafiki wa mama tangu wakiteka maji pamoja Mitwaba, wasichana wadogo. Alikuja juu ya lori la maharage. Lori lingeshusha mzigo na kurudi jioni ile ile.

"Niko na leo tu," akasema.

"Basi leo hakuna kazi," mama akajibu. Mama yangu huyu, aliyekaanga mandazi hata siku ya Noeli!

Walitandika mkeka kando ya ukuta, pale jua lilipofika mapema, wakakaa miguu imenyooshwa. Na wakaanza kuongea Kiluba, lugha ya kwao.

Kiluba sikukijua. Mama hakunifundisha, alisema masomoni kitanichanganya. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, kama cha mtu anayenunua chumvi. Kumbe Kiluba chake kilikuwa na mikono, mabega na nyusi. Aliiga watu. Aliinuka akatembea akichechemea kama mzee fulani wa kwao, na Numbi akajilaza kwenye mkeka akipigapiga ardhi kwa kicheko. Nilimtazama mama yangu kama ninavyomtazama mtu barabarani ninayedhani namfahamu.

Nilijaribu kuingia. Nilisimama mbele yao nikakariri shairi la Kifaransa tulilojifunza darasani, lote, pamoja na ishara za mikono. Walinipigia makofi, Numbi akasema, "Iko na akili, huyu mutoto!" kisha wakarudi kule walikokuwa. Nikaenda kukaa karibu na mbabula. Hapo nikaona unga wa mandazi umefura, umeinua kitambaa, na unateremka taratibu kwenye ubavu wa sufuria.

"Mama! Unga inakimbia!"

Siku nyingine ningepata kofi kwa kutosema mapema. Siku ile mama aliangalia sufuria, akamwangalia Numbi, na wote wawili wakaangua kicheko. Mandazi hayakukaangwa. Wateja waligonga lango, mama akawaambia kwa sauti ya uchangamfu, "Leo hakuna!" Nasikia bado ukimya wa wateja wale upande wa pili wa bati.

Kabla ya chakula Numbi aliniita nicheze nao mchezo wa makofi wa kwao. Mikono yao ilikwenda haraka, ikipishana, na wimbo ukiiongoza. Yangu ilifika kila mara ikiwa yao imeshaondoka. Numbi alicheka bila ubaya, akanivuta kwapani mwake akaniacha humo, nikinusa moshi na asali, huku wakiendelea bila mimi. Nilikuwa katikati yao kabisa, na sijawahi kujiona peke yangu namna ile.

Tulikula bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu aliowaleta mgeni. Mama alikula. Nalisema hili kwa sababu siku nyingi alikuwa akinitazama nikila, akidai ameshiba kwa harufu. Baadaye Numbi alimsuka nywele kwa uzi, kichwa cha mama kikiwa mapajani mwake. Jua lilikuwa limegeuka njano. Hata redio ilikuwa imezimwa, na sikumbuki nani aliizima.

Nilikuwa nakaribia kusinzia Numbi alipobadilisha lugha. Leo nadhani alitaka nami nisikie.

"Ngoie, turudie ku kwetu. Lori iko na nafasi."

Mama hakufumbua macho. "Na mutoto?"

"Mutoto ataenda na sisi. Masomo iko hata kule."

"Na baba yake akikuya, akute mulango imefungwa?"

Mikono ya Numbi ikasimama juu ya nywele. "Bwana yako alikuya mwisho lini?"

Na mimi, niliyeshinda mchana kutwa nje ya mazungumzo, hatimaye nikasikia swali ninaloliweza. Niliruka kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Ku Pasaka! Aliniletea viatu! Akasema atakuya tena, tutaenda wote kuona malori yake!"

Wanawake wale wawili walinitazama. Nilingoja sifa, haikuja. Numbi alimalizia kusuka, akafunga uzi wa mwisho, akaukata kwa meno.

Jua likiwa chini tulimsindikiza hadi lilipoegeshwa lori, karibu na soko. Alipanda juu ya magunia matupu akaketi kati ya watu wengine. Akanyoosha mkono. Mama akaushika. Injini ikawaka, moshi ukatufunika, na mama akaendelea kuushika, akitembea kando ya lori, akiongeza hatua, mimi nikimkimbilia nyuma nikishika kitenge chake. Kwa muda mfupi niliogopa kwamba atapanda. Kisha akauachia.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na kwetu mama akanigeukia akaniambia jambo kwa Kiluba, maneno marefu, taratibu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo.

"Mama, unasema nini?"

Akasimama. Aliniangalia kama aliyeamshwa.

"Hakuna kitu," akasema. "Tuende, baridi inaingia."

Numbi hakuja tena. Barabara iliharibika zaidi, halafu tukasikia amehamia machimboni na mumewe, halafu hatukusikia kitu. Baba alikuja mara chache, mikono mitupu, macho mlangoni, kisha akaacha kuja. Kambove alikuwa na nyumba nyingine na watoto wengine. Hilo nililijua nikiwa msichana mkubwa, kwa mdomo wa jirani, na sikushangaa.

Mwaka jana nilikwenda kumwona mama. Bado anaishi Kenya, lango lile lile. Tulikuwa tunabambua karanga, binti yangu akicheza uani, nikamwuliza kwa nini siku ile hakupanda lori. Nilitegemea aseme ni masomo yangu, au mandazi, au aibu ya kurudi nyumbani bila mume.

"Juu yako," alisema, macho kwenye karanga. "Ulisema ile mambo ya Pasaka na furaha mingi. Nikaona ungali unamungojea baba yako. Ningekuondosha hapa namna gani? Miye nilikuwa nimeisha kuacha kumungojea zamani."

Mimi pia niliacha kumngojea, miezi michache tu baada ya siku ile, viatu viliponibana na hakuna aliyekuja kuviona vikinibana. Lakini niliendelea kumwuliza mama kila Jumamosi, "Baba atakuya leo?" Niliuliza kwa sababu niliamini kwamba yeye ndiye anayemngojea, na kwamba nikinyamaza atabaki kungoja peke yake. Naye kila Jumamosi alijibu, "Labda," akafagia ua, akaweka sahani ya tatu mezani.

Miaka ile yote, mezani tukiwa wawili, kila mmoja alimtunzia mwenzake mgeni ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akimtaka tena.

Nilimwambia hivyo. Mama aliacha karanga, akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kwa mikono, kwa mabega, kwa nyusi, mpaka binti yangu akaacha mchezo wake na kusimama mlangoni, akitutazama.