Bi Tatu na Uzi wa Kupimia

Bibi wa Kizungu ninayemtunza huku Annandale, Marekani, alinifungulia kitabu chake cha mapenzi ya Wahispania wa zamani. Ndani mna picha ya kuchongwa kwenye ubao: msichana yuko dirishani, mwanamume kajibanza nyuma ya ukuta, na katikati kizee mwenye kikapu cha uzi, mpeleka ujumbe wao. Bibi akasema mapenzi ya siri ni matamu. Mimi pua yangu ikajaa karafuu.

Bi Tatu, mshonaji wetu, alinukia karafuu siku ile alipokuja dirisha la nyuma, mama akiwa msibani.

"Simama wima, bibi harusi wangu," akasema, akanizungushia uzi na kufunga fundo. Nilicheka, maana vizee wote hututania hivyo.

"Nguo ya Idi, Bi Tatu?"

"Ya Idi. Usimwambie mama, utaharibu utamu."

Nyuma ya ua kitu kilikohoa. Nilidhani ni mbuzi wa jirani, kumbe ni Mzee Shabani mwenye duka, kaja kunitazama. Aliyemleta ni baba mdogo Rajabu.

Nilikuwa darasa la tano. Nguo ililetwa kabla ya Idi, kumbe ni ya harusi yangu na Mzee Shabani, na tangu nilipoivaa sikurudi shule.

Msichana wa pichani anamjua anayemngoja. Mimi nilijua Idi tu.

Kina mama wenzangu Waswahili wa huku Lanham hunikanya, "Dada, marehemu hasemwi." Bi Tatu, Shabani na Rajabu wote wamekufa, kweli. Lakini binti yangu ameniuliza kwa nini sikusoma, na leo jioni namjibu kwa majina yao.