Nta Ambayo Baba Hakuikata

Nta ikiyeyushwa hutoa harufu nzito, tamu kidogo, yenye moshi ndani yake, na nyumbani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha kila msimu wa asali. Baba alikuwa mnunuzi wa nta. Warina asali walimletea kutoka Kigwa na vijiji vya mbali zaidi, wengi kwa baiskeli, naye aliiyeyusha, akaichuja kwa gunia na kuigandisha, tayari kwenda pwani kwa treni, upande ule ule ilikobebwa na wapagazi enzi za misafara. Lakini kabla ya kununua alichukua panga na kukata kila bonge katikati. Alishakuta humo mawe, udongo, hata unga wa muhogo. Mji mzima ulijua kwamba mzee yule hadanganyiki kwa nta, na sifa hiyo ilinivimbisha kichwa kana kwamba ni yangu.

Nilikuwa na miaka minane, na nilinyonya kidole gumba bila aibu yoyote. Meno yangu ya mbele ya ukubwani yalikuwa yameshaota, ila nikifunga kinywa na magego yakakutana, mbele palibaki uwazi ambamo ulimi ulichungulia. Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Nzega kutusaidia kazi za msimu, alisema ni mwanya tu, mwanya ni uzuri, mwacheni mtoto. Kumbe mwanya husimama baina ya meno mawili. Wangu ulikuwa umelala. Matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, niliyang'ata kwa pembeni, na neno "samaki" lilinitoka na upepo. Aliyegundua ni baba, tena kwa kazi yake. Sisi watoto tulitafuna masega, tukayabana mara ya mwisho kukamua asali iliyobaki, kisha tukatema nta. Siku moja baba aliokota donge langu, akaligeuzageuza juani, akaona alama za magego kulia na kushoto, na mbele hakuna alama ya jino hata moja. Kesho yake tukaenda hospitali.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika kidevu. Alinitaka nifunge meno, nimeze mate, niseme "sisimizi". Kisha akainua kidole changu gumba cha kulia, kilichokuwa cheupe na chenye sugu, akamwonyesha baba.

"Mgonjwa ni huyu," alisema.

Alieleza kwamba kidole kinayazuia meno ya mbele yasikutane na kinayasukuma ya juu nje, lakini mifupa yangu bado inakua, na kidole kikiondoka mapema meno yanaweza kurudi yenyewe. Akanipa miezi sita. Yasiposogea, ningepelekwa Dar es Salaam kufungwa waya, nikae huko kwa ndugu hadi matibabu yaishe. Mimi sikutaka kuachana na baba hata kwa wiki moja.

Shangazi alinipaka shubiri kidoleni, nikaizoea. Baba alikuja na kipimo chake mwenyewe: kila mwanzo wa mwezi niling'ata kipande bapa cha nta ya vuguvugu, naye akakipanga juu ya kabati. Mwezi wa kwanza, uwazi palepale. Wa pili, palepale, na baba akakitazama kipande kile kwa huzuni iliyonichoma. Mwezi wa tatu nilifanya ugunduzi. Nikisukuma taya la chini mbele kidogo, meno ya mbele yanagusana, na nta inatoka na alama zake safi kabisa. Baba alifurahi mno. Aliwaonyesha warina asali, wakanipongeza, nami nikaenda nyuma ya stoo kunyonya kidole changu kwa raha zangu. Hivyo ndivyo nilivyopita wa nne, wa tano na wa sita.

Tuliporudi hospitali, baba alifungua kitambaa na kumpangia daktari vipande sita mezani, kwa fahari ya mtu anayeonyesha mali bora. Daktari alichukua cha mwisho, akakiangalia, akakipindua.

"Mzee, magego yako wapi hapa?"

Hayakuwapo. Taya likisogezwa mbele, magego huachana. Daktari akaniambia nifunge kinywa vizuri, na uwazi ukaonekana vilevile ulivyokuwa. Aliniongezea miezi mitatu, akasema hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya waya.

Tulipokaribia nyumbani baba aliniambia:

"Nta ya kila mtu naikata, mama. Ya kwako sikuikata."

Hakunipiga, na ningefurahi kama angenipiga. Nililia nikamweleza yote, nyuma ya stoo na kila kitu. Mwezi uliofuata alinipa nta, nikang'ata, akakiweka kipande juu ya kabati bila kukipindua. Nilisubiri akipindue. Akaenda zake kupima nta ya warina asali. Kilichokitoa kidole changu mdomoni ni kutokipindua huko, si shubiri. Nilijitesa wiki kadhaa, nikajifunga kitambaa mkononi wakati wa kulala, na mwezi wa tatu daktari aliona meno yameanza kukaribiana. Dar es Salaam sikupelekwa. Kufikia msimu mwingine wa asali nilikata uzi wa shangazi kwa meno ya mbele, mbele ya kila mtu, na kujidai.

Leo naishi mtaa wa Cheyo, mji uleule, na meno yangu sina haja ya kuyasifia, yanaonekana nikicheka. Vijana wa mjini huvaa waya za rangi na kujipiga picha, nami hupendezwa nao. Binti yangu wa miaka tisa ana kifaa cha kuvaa kinywani usiku na mchana. Daktari wake hupiga picha ya taya na kupima kwenye kompyuta, na hakuna ujanja wangu wa zamani ambao ungemponyoka. Ni maendeleo, nayapokea kwa mikono miwili. Ila baina ya picha moja na nyingine kuna miezi, na miezi hiyo ni yangu mimi na mtoto. Kila asubuhi humuuliza kama alilala nacho. Husema ndiyo, midomo kaifunga, na siku nyingine macho yanatazama pembeni. Naweza kumwambia afunue kinywa nione. Badala yake humwambia, "Haya, mama, nenda shule."